Ngazi Ishirini na Sita

Raba zangu zina paka.
Si mzaha. Jumapili, baada ya alfajiri,
nilipiga magoti nikavuta sanduku uvunguni
nikamkuta amelala humo na wanawe watatu,
vipofu, wadogo kama soksi zilizokunjwa,
mmoja kaingiza kichwa chote ndani ya raba ya kushoto.
Paka akanitazama. Nami nikamtazama.
Mzazi kwa mzazi, hatukuwa na la kuambizana.
Nikarudisha sanduku taratibu.

Udhuru gani mzuri kuliko huo?
Nimekuwa nao wa kila namna,
nimeupanga kama chupa za dawa kabatini:
mvua, jino la Lali, mtihani wa Mwanakheri,
wageni kutoka Faza, joto, baridi
(baridi, Lamu!),
baba yao aliye Mokowe hadi Alhamisi jioni,
buibui linalonasa miguuni, macho ya barazani.

Na ni mimi huyuhuyu, kila Jumatano,
katika kliniki ya sukari na presha,
ninayegonga meza kwa kalamu:
Tembeeni. Nusu saa kwa siku. Mwili haudanganyiki.
Wiki iliyopita Famau, fundi wa chokaa,
alikunja karatasi yake ya dawa mara nne,
akaitia mfukoni, akauliza bila kucheka,
"Nawe daktari, hutembea saa ngapi?"
Nikaita, "Mwingine aingie."

Zamani nilikimbia.
Mita mia nane, mashindano ya shule,
vumbi nyuma yangu na jina langu kwenye spika,
Zulekha, Zulekha binti Shee,
hata mamangu, asiyependa, alisimama.
Sasa nikipishana na punda wa saruji kichochoroni,
yeye ana magunia mawili, mimi mkoba na chupa ya uji,
na anayehema ni mimi.

Basi Jumapili ile, pekupeku,
nilisimama chini ya ngazi za nyumba yetu.
Ishirini na sita kutoka kiwandani hadi juu,
hakuna mbili zilizolingana;
aliyezijenga alikuwa na haraka, au na wana wengi.
Nimezipanda na ndoo, nimezipanda na mimba,
na mtoto mwenye homa begani saa nane za usiku.
Kwa ajili yangu, kamwe.
Maziwa yalikuwa motoni.
Nikajipa muda wa maziwa kuchemka.

Nikapanda. Nikashuka.
Mara ya tatu magoti yalinisema vibaya.
Mara ya tano Lali akatokeza, mswaki mdomoni:
"Mama, umepoteza nini?"
Nilitaka kucheka, pumzi haikutosha.
"Nakutafutia," akasema,
akanifuata nyuma akihesabu kwa sauti,
akiiruka ile ya kumi na nne iliyomeguka pembe,
povu la dawa likimdondoka kidevuni.

Maziwa yalifurika. Jiko zima.
Tulikunywa chai ya rangi, na Mwanakheri akanuna.

Jumatatu nilipanda mara sita.
Jumanne sikupanda.
Jumatano nilirudi kutoka kliniki miguu imevimba,
nikalala na buibui langu mwilini.
Alhamisi mara mbili; ya pili nilikaa ngazi ya tisa
nikala muhogo wa karai wa watoto, wote,
peke yangu, gizani, na pilipili.

Lali ameandika hesabu kwa chaki ukutani,
penye chokaa mpya ya mama mkwe.
Kumi na tatu. Amezungushia duara.
Famau akirudi sina zaidi ya hiyo ya kumwonyesha.
Nitamwambia: kumi na tatu, kisha nikaangukia muhogo,
kesho naanza tena, nawe je?

Watoto wa paka wamefungua macho.
Usiku nawasikia uvunguni
wakivutana na kamba za raba.
Wavutane tu. Wana wiki tatu.
Baadaye nitazihitaji.