Mita Ishirini Kutoka Mkuyuni

Saa moja kasorobo. Umande umenifika mapajani,
nimechutama mbele ya kinyesi cha tembo
kama mtu anayechagua mchele.
Nabomoa kwa kijiti, nachambua, nasoma kwa sauti:
"Msizi, saba. Mapera, thelathini na mbili"
(kuna shamba la mtu limeliliwa usiku).
Nyakoojo anaandika kwa penseli;
mvua ya hapa Bigodi huunywa wino.

Mama bado huwaambia wenzake sokoni Kamwenge:
"Akiiki wangu nimemsomesha hadi diploma,
sasa anahesabu mavi."
Wanacheka. Hata mimi hucheka.
Mavi hayo ndiyo yaliyoezeka bati jiko lake.

Kilima hiki kilikuwa msitu, kisha kikawa mihogo.
Mmoja wa wenye mashoka alikuwa baba yangu.
Tulipohamishwa, mihogo ikaoza ardhini
na mabingobingo yakaingia bila kupiga hodi,
marefu kuliko nyumba tuliyoiacha.
Kila kiangazi yanawaka.
Kila mvua yanarudi, yamenona kwa majivu yao wenyewe.

Mradi wa kwanza ulikuja na lori na kamba.
Miche elfu nne, safu zimenyooka kama gwaride la shule,
mgeni rasmi akapigwa picha akimwagilia mmoja.
Mwaka wa pili nilitumwa kuhesabu iliyo hai.
Sitini na mmoja.
Nilirudia, nikidhani nimeruka safu.
Sitini na mmoja.

Daktari Kabahenda hakumlaumu mtu.
Alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akasema:
"Sasa tukiulize kilima."

Kukiuliza kilima ni kazi ya magoti.
Ulikuwepo mkuyu mmoja katikati ya nyasi,
umebaki peke yake, hakuna aliyejua kwa nini.
Tukafunga kamba shinani, tukaivuta pande nne,
na kila baada ya mita moja, mraba, na kupiga magoti,
na kufunua nyasi kama nywele za mtoto mwenye chawa.
Mita tano: miche kumi na tisa, ambayo hakuna aliyeipanda.
Mita kumi: kumi na mmoja.
Mita ishirini: miwili, mmoja umeliwa ncha.
Kuanzia hapo, sifuri, sifuri, sifuri,
hadi Nyakoojo akachoka kuzichora, akapiga mstari.

Miezi thelathini ilipita kwa kamba ile ile.
Hondohondo walikuja na mabawa yanayovuma,
wakatua mkuyuni, wakala, wakaacha deni lao chini.
Kivulini mabingobingo yalikuwa membamba, yenye haya.
Kumbe mbegu hazikukosa njia ya kufika huku.
Zilikosa pa kutua.

Basi lori halijarudi. Tunapanda kwa vikundi,
miche arobaini hapa, kisha nafasi tupu, kisha arobaini;
tunasimika nguzo kavu ili ndege wapumzike;
tunafyeka njia ya kuzuia moto kabla ya Januari.
Nguzo tatu zimeliwa na mchwa.
Kikundi cha bondeni kimekufa chote na hatujui sababu.
"Je, kama tumekosea?" Nyakoojo huniuliza.
Namwonyesha daftari: kurasa bado zipo.

Jumapili iliyopita nilimleta baba.
Alipanda polepole, akisimama kila hatua kumi,
nikamwonyesha miche ya msizi inayonipita kimo.
Akaigusa kwa kidole kimoja, kama kitu cha mwenyewe.
Ndipo nikamuuliza lile lililonikaa kooni:
mkuyu huu, Araali, ulituachia kwa kujua?

Alitazama juu kwa muda mrefu.
"Shoka lilikuwa butu," akasema,
"na njaa ilikuwa kali."

Jumatatu nilifungua daftari, safu ya maoni,
iliyokuwa tupu mbele ya *Mti Na. 1* tangu mwanzo.
Nikachonga penseli.
Nikaandika: *shoka butu.*