Pa Kuweka Cherehani

Kodi ya fremu ilipanda mwezi wa sita.
Nikafungasha cherehani, pasi ya mkaa,
gunia la vipande, kioo cha wateja chenye ufa.
Mkokoteni ukatushusha Tabata saa nne asubuhi
na Hamdani akauliza, mikono kiunoni:
"Haya, fundi. Tunaiweka wapi?"

Sebuleni, alijijibu mwenyewe. Sebuleni kuna feni.
Kuna feni, kweli, na kuna mjukuu anayetambaa,
anayeokota kila king'aacho
na kukionja kwanza.
Pini moja tu. Nikasema hapana.

Barazani, alisema Mwanahawa, ambaye hakuulizwa,
akiegemea uzio na bakuli la mchele wa kuchagua.
Utaona wapitao, na wapitao watakuona.
Ndiyo, na vumbi la barabara yetu inayoahidiwa lami
litaketi juu ya satini ya bibi harusi
kama mgeni asiyesikia adhana ya magharibi.
Na mvua ya Dar haibishi hodi.

Stoo kuna unyevu, ndoo za rangi,
na panya tuliyeshindwa kumhamisha tangu tuhamie.

Nilichofanya sikumwambia mtu.
Siku tatu nilitembea na sindano na uzi mweusi,
chumba kwa chumba, saa kwa saa,
nikijaribu kutunga.
Macho haya yana miaka hamsini na sita.
Zamani nilitunga huku nacheka, umeme umekatika.
Sasa nalamba ncha, nalenga, nakosa,
nalamba tena, na uzi unapita kando ya tundu
kama mdeni aliyeniona kwa mbali.

Sebuleni, saa tatu: mara nne.
Barazani, mara moja, lakini adhuhuri
jua lilinichoma mboni nikaona sindano mbili.
Stoo niliacha kuhesabu.

Kikabaki chumba cha Bi Siwatu.
Tangu Ramadhani tunapita mlangoni pake
kwa sauti ya chini, kama vile amelala.
Hata Mwanahawa hakukitaja.

Dirisha lake linatazama ukuta wa jirani,
hatua moja na nusu, huna unachokiona.
Tulikiita chumba cha giza
na tukampa mama wa watu.
Mwaka huu jirani kapiga lipu, kapaka chokaa,
na mwanga unashuka kutoka juu, unagonga weupe ule,
unaingia ndani taratibu, bila joto,
umevua viatu.

Saa tisa alasiri. Uzi ukapita.
Nikauchomoa nikidhani ni bahati.
Ukapita tena.

Sikusema kitu. Niliichomeka sindano kwenye pazia,
uzi ukining'inia, nikaenda kukuna nazi.
Usiku Hamdani akaiona. Alisimama pale muda mrefu,
nikasikia taa ikizimwa, ikawashwa, ikazimwa.
Kisha akaja jikoni akasema,
"Mama alikuwa akisema fundi hushona kwa makalio,
mikono inasaidia tu. Utahitaji kiti kizuri."

Asubuhi alikivuta kitanda. Peke yake; alikataa msaada.
Kwenye saruji zilibaki alama nne za miguu.
Tukaiweka cherehani hapo: miguu miwili ikapata alama,
miwili haikufika.

Na nyuma ya kitanda, ndani ya mfuko wa plastiki,
doti ya kanga ambayo haijakatwa.
Naijua. Aliniletea mwaka juzi.
Nikasema, kesho, mama, nina wateja.
Akasema, kesho si mbali.
Aliniletea tena, mara mbili au tatu,
halafu akaacha kuleta.

Shule zinafunguliwa Jumatatu.
Sare kumi na moja zinanisubiri, na mama zao wanapiga simu.
Nimeshika mkasi, nimekata kanga katikati,
nimekunja pindo la kwanza kwa kucha.
Kanga ni nyekundu na nyeupe.
Uzi ulio kwenye cherehani ni mweusi.
Sikuubadilisha.