Chuma Butu

Kitabu cha msaada kimefika shuleni Pongwe bila jalada.
Ukurasa wa arobaini na mbili, picha:
shaba iliyopinda kama mundu usio na meno,
mpini mfupi, tundu la kupitishia kamba.
Chini yake: Kifaa cha kuogea, Roma ya kale.

Nikawasomea Kidato cha Pili.
Warumi hawakuanza na maji.
Walijipaka mafuta ya zeituni, mwili mzima,
wakakaa kwenye joto mpaka jasho liteme vumbi,
ndipo wakajikwangua: mkono, paja, shingo,
na ule utope wa mafuta wakaupangusa kando.
"Kama ukoko wa wali!" akasema Mwanakombo,
darasa zima likaangua kicheko.

Mimi sikucheka.
Kile chuma nilikuwa nakijua.

Kilikaa uani kwa babu Semkiwa,
kimechomekwa kwenye makuti ya bafu,
kipande cha pete ya pipa alichokipinda mwenyewe,
akakinoa, kisha akakifubaza tena kwenye jiwe.
Kikali huchuna, alisema. Butu ndiyo husafisha.

Alikuwa mtu wa korona.
Miaka kumi na tisa akiilisha mashine majani ya mkonge,
na mashine ikimtemea maji ya kijani kifuani,
maji yanayowasha kama upupu,
na ukiyafuata na maji matupu ya kisima
ndiyo kwanza umeyaamsha.
Sabuni ya mche ilikuwa ya Ijumaa.

Basi, mafuta ya nazi kwanza,
kidogo, kutoka chupa iliyokuwa ya dawa ya kikohozi.
Akingoje yaingie, huku akipiga mluzi.
Kisha kwrr. Kwrr.
Kisha kata ya kifuu, dodoki,
na mswaki wa mwarobaini mwisho wa yote,
kama mtu anayefunga mlango wa duka.

"Mgongo," angesema, akinipa chuma.
Nilikuwa na miaka saba.
Nikishuka huku na huku ya uti,
utepe wa kijani ukijikunja mbele ya mkono wangu.
"Hapo. Chini kidogo. Hapo hapo, mama."

Bwana meneja alikuwa na bafu la zinki kule kilimani.
Nani alimsugua, sikupata kujua.

Kitabu kinaendelea: matajiri walikwenda kuoga
wakifuatana na watumwa wa kuwakwangua.
Mhina, dawati la nyuma kabisa,
ambaye hajauliza kitu tangu Januari,
akanyoosha kidole.
"Mwalimu, na huyo mtumwa,
mgongo wake alimkwangulia nani?"

Nikafungua ukurasa wa arobaini na tatu.
Palikuwa na picha ya mfereji wa mawe.

Nikawaambia waliandike swali hilo daftarini,
kwa kalamu ya wino,
na waache mistari mitatu wazi chini yake.