Ufa wa Funu

Baba yangu, Cirhuza fundi mwashi,
aliuziba ufa wa sebuleni mara nne:
kwanza kwa udongo na majivu,
kisha kwa saruji ya mkopo,
kisha kwa saruji na matusi.
Mara ya nne alimaliza, akanawa, akalala.
Asubuhi ufa ulikuwa umerudi
kama mdai anayejua saa ya chai.

“Usipoziba ufa...” jirani Nsimire akaanza.
“Nimeziba!” akamkata. “Nimeziba, na ukuta nimejenga,
methali yako imekwisha, nipe nyingine.”

Hakuwa nayo.

Shuleni, Mwalimu Bashige alichukua chaki moja
akachora bila kuinua mkono:
Albati, Edwadi, Kivu, Tanganyika, Rukwa, Nyasa,
maziwa yamelala kwa mstari
kama maji yaliyobaki kwenye mkunjo wa turubai
mvua ikishapita.
“Huu ndio ufa wa kwenu, Nabintu.
Umepita sebuleni tu, kama mgeni.
Bara linachanika. Polepole, usikimbie:
kucha zako zinalishinda mara kumi.”
Darasa zima tukatazama kucha.

Akasema: zamani, kabla ya kinywa cha kuliita,
ziwa hili liliteremka kaskazini,
njia ya Nile, njia ya mchanga na Misri.
Ndipo Virunga ikainuka, ikafunga mlango kwa moto.
Maji yakarudi nyuma. Yakapanda.
Yakaingia mabondeni bila kubisha,
yakafika kiunoni mwa vilima, yakafika shingoni,
na migongo iliyokataa kuzama
ndiyo hizi rasi zetu, Nguba, Muhumba,
ambako leo watu wenye pesa wanapanda maua.
Mwishowe yakapata pahala pa chini, hapa hapa,
chini ya daraja ambalo mama zetu
huvuka na vitenge na vitambulisho,
yakamwagika kusini. Ruzizi.
Ziwa lilikuwa limegeuza shingo.
Tone la Kivu likitoka sasa
linapitia Tanganyika, linaingia Lukuga,
linalala ndani ya Kongo siku nyingi
na kufia Atlantiki, bahari isiyokuwa yake.

Nilimwambia Baba jioni. Alikuwa anakula sambaza.
“Na hawa?”
Hawa nao waliletwa, nikasema, kutoka Tanganyika,
wanaishi juu juu tu, palipo na pumzi.
Chini yao kuna maji mazito yenye gesi,
giza ambalo halijageuzwa ubavu.
Akamtazama samaki mmoja kwa muda.
“Kumbe naye ni mpangaji,” akasema, akamla.

Kesho yake alikata kipande cha kioo
akakibandika juu ya ufa kwa gundi,
akaandika tarehe kwa penseli, mwandiko wa fundi:
kioo kizima, ukuta umetulia.

Kilivunjika Jumapili moja ya Februari
vikombe vikicheza kabatini
na mbwa wote wa Kadutu wakiimba wimbo mmoja.
Hakusema kitu. Alipima. Milimita mbili.

Mvua nazo zina hesabu yao.
Udongo wetu mwekundu ni mwamba uliochoka,
lava iliyomwagika kabla Virunga haijazaliwa,
imeoza hadi kijiko kinaikata.
Masika inalewa, inatembea usiku.
Ngazi za kwa Mugisho zilikuwa zinafika mlangoni;
sasa zinafika dirishani.
Mugisho huingia hivyo hivyo, na kofia mkononi.

Baba amelala upande wa pili wa kilima
ambao nao unateremka. Tumemzika akisafiri.
Ukutani ameacha tarehe kumi na saba
na vipande vya vioo kama meno ya mtoto.
Nilipopaka rangi nyumba
nilimwambia kijana wa brashi: hapa, ruka.

Mpangaji wangu mpya ananiuliza
lini nitaziba.
Nimempa rula
na penseli iliyobaki nusu.