Mshale na Isale

Kidato cha Tano, chumba cha mwisho karibu na jiko,
Moshi chini ya wingu,
mlima haujaonekana tangu Jumatatu.
Nimegawa chaki za aina tatu:
nyekundu kwa anayechukia,
nyeupe kwa anayependa,
ya kijani kwa anayejua akanyamaza.

Tamthiliya ni ya kale. Hakimu amemnyonga asiye na hatia.
Dada wa marehemu, jina amelibadili,
anapika jikoni kwa Hakimu,
na mwana wa Hakimu anampenda mpishi.
Mwisho nimewaambia mapema, wasije wakashtuka:
maiti tano, supu ingali ya moto.

"Chora," nikasema. "Nani kwa nani, na kwa nini."

Tumsifu alichora mshale mmoja mwekundu, mnene,
kutoka kwa dada hadi kwa Hakimu,
akapangusa mikono kama aliyemaliza kupalilia.
Haikaeli akaongeza mweupe kwenda kwa yule kijana,
maana, alisema, humpimii mtu chumvi miaka saba
usimpende hata kidogo.
Ya kijani ndiyo iliyoisha kwanza.
Yaya anajua. Mtunza farasi anajua.
Mke wa Hakimu anajua tangu usiku wa hukumu,
anasuka nywele zake, anasuka tena.
Ubao ukawa mizizi ya mgomba uliong'olewa.

Kisha swali la mtihani, lile lisilokosekana:
kwa nini alingoja miaka saba?
Woga, wakasema. Mapenzi. Sumu ilikuwa ghali.
Tukacheka.

Nasieku, dawati la dirishani:
"Hakuwa anangoja nafasi, Mwalimu.
Nafasi alikuwa nayo asubuhi, mchana na jioni.
Alikuwa anangoja Hakimu aseme."
"Aseme nini?"
Akainua mabega. "Hata Hakimu alikuwa anangoja aulizwe."

Tumsifu akadakia: kwani kwao hakukuwa na masale?
Unafunga jani fundo, unampelekea uliyemkosea,
hawezi kukataa. Bibi yake alimsamehe hivyo
mtu aliyemchomea banda na mbuzi wawili.
Nasieku, mtu wa Longido, akauliza isale ni nini.
"Ule mmea tunaopanda mpakani mwa kihamba."
"Sasa ni mpaka au ni msamaha?"
"Ni huo huo mmea."

Niligeuka kufuta ubao, ingawa kengele ilikuwa bado.

Kaka yangu Aminirabi, Kibosho,
wiki ya matanga ya baba aling'oa masale
akayapanda upya hatua nne ndani ya kahawa yangu.
Miaka kumi na mmoja.
Najua saa anayokamua ng'ombe. Najua kikohozi chake cha masika
na kile cha kujifanya. Sijamjua mtu yeyote hivyo,
hata mke wangu.
Mama hutuletea kila mmoja mkungu wake, hasemi neno.
Na kila mwaka muhtasari unanipa tamthiliya mbili,
nami nachagua hii.

Usiku, nikisahihisha, nikaikuta karatasi ya Haikaeli.
Aliombwa insha, akaandika hivi:

*Kisasi ni mpagazi, hubebeshwa asotaka,*
*Miaka saba ni ngazi, hupandwa bila kufika,*
*Mpishi ana machozi, chumvi yake hutumika,*
*Sumu haikuwa kazi, kazi ni kumwita kaka.*

Nikampa kumi na tatu kwa ishirini.
Pembeni, kwa wino mwekundu: *Fafanua zaidi.*
Kalamu nikaiacha wazi mpaka ikakauka.

Jumamosi nilipanda Kibosho.
Pale mpakani nikakata jani moja,
upande wake au wangu, sikutazama.
Nikalifunga fundo. Nikasikia kikohozi, kile cha kujifanya,
nyuma ya migomba.
Nikashuka.

Jani limo kitabuni, sehemu ya nne,
mpishi anapoonja supu.
Nimelifungua leo kuandaa kipindi.
Bado ni la kijani.