Dola Kumi na Tisa na Senti Tisini

Nilikinunua kwa Lindquist, duka la vifaa,
kati ya mitego ya panya na balbu.
Lindquist alikigeuzageuza kama anayekagua samaki,
akasema, "Kitakufaa. Ila usije ukakioa."

Mpini mweusi, umekwaruzwa makusudi
usiteleze kwenye glavu.
Mgongoni kimeota kiguu cha chuma,
si kikubwa kuliko punje ya mahindi;
ukikisukuma kwa kidole cha shahada
bapa laruka nje, chak!
kabla hujamaliza kuamua.
Ndani, nasikia, mna gololi ndogo kama ulezi.
Sijazifungua kuzihesabu. Naziamini
kama ninavyoziamini figo zangu:
zifanye kazi, nisizione.

Kasoro zake nizitaje, sikulipwa kusifu.
Klipu ilipinda mwezi wa kwanza, kwenye mlango wa lori.
Skrubu ya egemeo hulegea kila Alhamisi,
sijui kwa nini Alhamisi.
Kikifungwa, bapa halikai katikati,
limeegemea kushoto kama mlevi kwenye ukuta.
Na chuma chake laini: maboksi arobaini ya vigae
makali yameaga;
nayarudisha usiku kwenye kitako cha kikombe,
redio ikitangaza theluji kutoka ziwani.

Lakini kimekata kamba, tufaha, zulia,
kimetoa kibanzi kiganjani mwa Anders
bila Anders kuacha kusimulia habari za mbwa wake.
Kimefungua bahasha zote za wakili,
na zile hazikuhitaji kisu.

Kile kingine, cha baba mkwe,
mpini wa pembe ya paa, jina lake limechorwa,
kililala miaka kumi na minne ndani ya flaneli
hakijakata hata uzi.
Kwenye orodha ya kugawana kilikuwa namba kumi na saba.
Nilikirudisha bila neno, na flaneli yake.

Jumanne ya Februari, mlango wa mahakama, Duluth.
Mlinzi, Haugen kifuani, akanyoosha trei:
"Kipeleke garini, au kiache humu moja kwa moja."
Nilikuja kwa basi. Zilibaki dakika tisa.
Nikatoka, nikakifukia kwenye theluji
chini ya chuma cha kufungia baiskeli,
nikahesabu hatua kama mwizi.

Ndani nilisema "ndiyo" mara nne.
Siku ya harusi ilitosha moja.

Kutoka, theluji haipo.
Mtu wa sepetu amepita, amesafisha,
amejenga kilima pembeni, kirefu kunipita.
Nikapiga magoti. Nikachimba kwa mikono mitupu
hadi vidole vikawa vya mtu mwingine.

"Umepoteza nini?" Maren, skafu ya kijivu, nyuma yangu.
"Kisu."
"Baba alishakipata."
"Si kile. Changu."

Alisimama. Akatazama upande wa maegesho,
dada yake akimngoja, injini ikinguruma.
Kisha akavua glavu moja, moja tu,
akaanza upande wa pili.
Hatukuongea. Tuliwahi kuchimba hivi
njia ya kutokea nyumbani, ile baridi ya mapacha wa Olson,
tukicheka. Leo tulichimba tu.

Yeye ndiye aliyekipata.
Akakikung'uta kwenye koti, akakisukuma kile kiguu,
chak! kama kimetoka dukani.
Akashtuka. Akatabasamu, akalikamata tabasamu njiani.
"Bei gani?"
"Kumi na tisa na tisini."
"Kinafunguka vizuri."

Hakukifunga. Alikigeuza,
akashika bapa kwa ncha za vidole vyekundu,
akanipa upande wa mpini.

Halafu akavaa glavu, akaenda.
Nilijaribu skrubu kwa ukucha.
Ilikuwa Jumanne. Ilikuwa bado imekaza.