Kibaba Kimejaa

Mkurugenzi amekuja na mchoro kwenye skrini:
ghorofa tatu juu ya hoteli, vyumba tisini,
na mshale mwekundu unaopanda kutoka kona ya chini
kama mjusi ukutani.
"Kukua," anasema,
na mkono wake unapanda pamoja na neno.

Mimi ni Coloma.
Mwaka wa kumi na tisa huu natandika vitanda hapa Majorka,
vyumba ishirini na vinne kwa zamu:
inua godoro, vuta shuka, kunja kona, piga mto,
kidonge cha mgongo saa nne, kingine saa nane.
Nami nimekua, ukipenda.
Nilianza na kimoja.

Namuuliza: bwana,
mtoto hukua hadi kimo chake, akakoma;
asipokoma tunampeleka hospitali.
Jipu nalo hukua. Deni hukua.
Mshale wako ukitoka kwenye skrini
unakwenda kumchoma nani?

Watu wanacheka. Yeye hacheki.
Anasema benki haitasubiri.
Anasema ajira,
analitamka polepole, kama mtu anayefunga mlango
huku akikutazama.

Ndipo anainuka Biel, fundi bomba,
mtu wa maneno saba kwa wiki.
Anaweka mezani chupa ya maji
ya kisima cha mama yake.
"Onjeni."
Chumvi.
Na bwawa la kuogelea, kule nje, maji baridi matamu
yanameremeta bila mtu.

Haba na haba hujaza kibaba, tulifunzwa.
Hakuna aliyetufunza la kufanya kikishajaa,
na anayemimina hataki kutazama chini
miguu ya nani inalowa.

Msinizushie kwamba naupenda umaskini.
Naujua, tulilala naye kitanda kimoja utotoni,
na alikuwa akivuta blanketi.
Binti yangu na mwanawe wanalala sebuleni kwangu
maana nyumba za mtaa wetu hukodishwa kwa wiki,
kwa watu wanaobadilishwa kama shuka.
Nataka vyumba kumi na vinne, si ishirini na vinne.
Nataka Alhamisi. Nzima. Isiyo na kazi.
Na nataka funguo za hoteli hii
zikae kwa wanaozitumia kufungua.

Hilo la mwisho limewashtua
kuliko chumvi.

Kura zimepigwa; watakwenda mahakamani, wana mawakili.
Sijui tutashinda. Biel naye hajui,
na maneno yake ya wiki yamekwisha.

Asubuhi, mlango wa kumi na nne,
Xisca ameweka toroli lake kingamo kwenye korido.
Nikaliweka langu. Francina akaliweka lake.
Simu ya msimamizi ikalia, ikalia, ikanyamaza.
Nikaingia ndani, nikaketi juu ya kitanda
nilichokwisha kukitandika.

Kilaini.
Miaka yote hii, sikujua.